Nani Anakulisha?

Masomo: 1 Samweli 18:1–4 na 20–29, 19:11–17, 2 Samweli 3:12–16

Nakuletea salamu kutoka Kyuso, kaskazini ya Kitui, ambako mtu akitoka nje alfajiri hutazama kwanza mawingu, ndipo huamkia jirani. Vuta kiti tuzungumze. Siku nyingi katika kipindi hiki tumeonywa juu ya maadui wa mbali. Leo nataka tuseme habari za watu tunaokula nao chungu kimoja.

Miaka michache iliyopita, ibada ilipokwisha na watu wakawa wanasalimiana nje, mama mmoja mzee alibaki ndani amekaa kwenye benchi. Nilidhani anataka kuombewa miguu, maana miguu humsumbua. Nilipomkaribia akasema kwa sauti ya chini, “Pasta, mwanangu nampenda, lakini namwogopa.”

Nikamwuliza, “Hukupiga?”

Akanitazama kana kwamba nimemtukana mwanawe. “Anipige? Si yeye aliyenijengea nyumba!”

Na ni kweli alimjengea. (Nitabadilisha mambo mawili matatu ili mama huyu asijulikane, naye amenipa ruhusa kusimulia.) Nyumba yenyewe ni ya matofali na mabati, ina mifereji pande zote mbili, na pembeni lipo tangi kubwa la maji. Wewe unayenisikiliza mjini, ukifungua mfereji maji yakatoka, pengine hujui tangi ni kitu gani kwetu. Mwezi wa tisa mama wa huku hushuka mtoni, na mto wenyewe hauna maji, ni mchanga mtupu. Huchimba mchanga ule mpaka kimo cha kifua chake, akangoja maji yachuruzike, akateka kikombe kwa kikombe mpaka mtungi ujae, akampakia punda, akarudi nyumbani jua likiwa limekwisha kuwa kali. Mwana aliyemwondolea mama yake kazi ile amefanya neno jema sana. Mimi mwenyewe niliwahi kumsimamisha kijana huyo mbele ya kanisa siku ya harambee, nikawaambia wengine wamwige, tukampigia makofi.

Sasa sikia yaliyobaki, ambayo hatukuyapigia makofi. Hati ya shamba aliichukua akaenda nayo Nairobi, isije ikaliwa na mchwa. Mbuzi ambao mama alikuwa nao kabla kijana hajaanza shule, hawezi kuuza hata mmoja bila kumpigia simu kwanza. Dada yake yu mgonjwa sana huko Tseikuru, nauli si nyingi, lakini mwana amegombana na binamu zake wa upande ule, akakataza mama asikanyage huko. Na kila mama anapojaribu kuinua kichwa, mwana hapigi kelele, wala hatukani. Huuliza tu kwa upole, “Mwaitu, nani anakulisha?”

Ni maneno mawili tu, lakini yalimfanya mama yule akae nyuma kanisani asijue aende wapi. Angekuwa na mwana mlevi asiyeleta kitu, angekuja kwangu akilia mbele ya watu wote, nasi tungemwonea huruma. Lakini utamshtaki kwa nani mtu anayekutendea mema?

Nilirudi nyumbani nikafungua Kitabu cha Kwanza cha Samweli, kwa sababu nilikumbuka kwamba mambo haya yamo. Tangu siku zangu za chuo cha theolojia nimehubiri juu ya Daudi na Goliathi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Juu ya Mikali sikuwa nimehubiri hata mara moja.

Mikali alikuwa binti mdogo wa mfalme Sauli. Biblia yasema waziwazi kwamba alimpenda Daudi. Neno hilo lilichukuliwa likapelekwa kwa baba yake, na Sauli akafurahi. Msikilizaji, angalia sana furaha hiyo ni ya namna gani. Baba akisikia binti yake amempenda kijana mwema, yafaa afurahi. Lakini Sauli alifurahi kwa sababu alikuwa akitafuta njia ya kumwua Daudi, na sasa ameipata. Upendo wa mtoto wake akaufanya mtego. Akasema hataki mahari ya mali, anataka Wafilisti mia wauawe, huku akitumaini kwamba Wafilisti ndio watakaomwua Daudi. Sisi wa huku tunaojua mbuzi watatu wa ntheo na mazungumzo yanayofuata, tunaelewa kwamba mahari ni daraja kati ya nyumba mbili. Sauli alilijenga daraja lake ili mtu aanguke mtoni.

Daudi hakuanguka. Akaoa. Hata usiku mmoja Sauli akatuma watu wailinde nyumba ili asubuhi wamwue. Ni Mikali aliyemwonya mumewe, akamteremsha dirishani, kisha akalaza sanamu kitandani na kuifunika nguo ili apate muda wa kukimbia. Sauli alipojua alimwuliza bintiye kwa nini amemdanganya hivyo, akamwacha adui yake aponyoke. Ni kama kusema, wewe ni wa nani? Mimi niliyekuzaa, au yeye?

Huenda hata nyumbani kwako swali hilo limekwisha kuulizwa. Mama mkwe huliuliza kwa kunyamaza. Mume huliuliza mke akitaka kwenda kumwona mama yake. Ndugu huliuliza kaka yao akikataa kutia saini shamba liuzwe. Anayeuliza husema anataka uaminifu. Lakini mara nyingi ni mwenye nguvu anayemdai asiye na nguvu, na ni nadra kumsikia akijiuliza kama yeye naye amekuwa mwaminifu kwa yule aliye chini yake.

Na mambo ya Mikali hayakuishia hapo. Daudi akiwa mkimbizi, Sauli alimchukua Mikali akampa mtu mwingine, jina lake Palti, ambaye mbele huitwa Paltieli. Hatusomi kwamba Mikali aliulizwa. Miaka ikapita, Sauli akafa, Daudi akawa mfalme huko Hebroni, na Abneri alipotaka kupatana naye, sharti la kwanza la Daudi likawa arudishiwe Mikali. Hapo napo hatusomi kwamba aliulizwa. Akachukuliwa kutoka kwa Paltieli, na Paltieli akafuata nyuma njia yote akilia, mpaka Bahurimu. Hapo Abneri akamwambia arudi. Akarudi.

Nimesoma sura hiyo mara nyingi, na bado mtu huyo anayelia njiani hunishika moyo. Wakubwa walikuwa wakipatanisha ufalme. Yeye alikuwa amepoteza mkewe. Na Daudi tunayempenda, mtu aliyeupendeza moyo wa Mungu, siku hiyo alitumia nguvu zake kama Sauli. Maandiko yasema Mikali alimpenda Daudi. Hakuna mahali panaposema Daudi alimpenda Mikali. Mwisho wa habari yao ni yeye akimchungulia Daudi dirishani na kumdharau moyoni. Wahubiri tumemlaumu sana mama huyu kwa dharau ile. Mimi siku hizi namlaumu taratibu zaidi.

Labda wewe mume unayenisikiliza unasema, Afadhali mimi, sijamnyang'anya mtu mke. Ngoja nikuambie habari za kasisi mmoja ninayemfahamu vizuri, kwa kuwa ndiye mimi. Tulipooana nilinunua daftari kubwa la hesabu. Nikamwambia mke wangu kwamba fedha za kanisa ni fedha za watu, na nyumba ya mchungaji lazima iwe mfano, kwa hiyo kila shilingi itakayotumika iandikwe. Akaandika. Chumvi, mafuta ya kupikia, kiberiti, sabuni, kalamu za watoto. Jumamosi jioni nilikuwa naketi na daftari lile kama mkaguzi wa serikali, naye amesimama mlangoni akijibu maswali. Niliona fahari. Nilifikiri huo ndio ukuu wa nyumba alioandika mtume Paulo.

Jumamosi moja alinipa daftari lenyewe, na katika ukurasa mpya alikuwa amepiga mstari katikati kwa rula. Upande mmoja ameandika jina lake, upande wa pili jina langu. Chini ya jina lake mstari ulijaa. Chini ya jina langu hapakuwa na kitu. Chai yangu ya sokoni haikuandikwa, wala kredi ya simu, wala fedha nilizokopesha rafiki ambazo mpaka leo hazijarudi. Hakusema neno. Aliniwekea kalamu juu ya ukurasa akaenda kuwasha moto.

Tangu siku hiyo tunaandika wote wawili, na nimegundua kwamba mwenye kupoteza fedha katika nyumba ile hakuwa yeye.

Lakini nguvu haziko mkononi mwa mume peke yake, au mwana mwenye mshahara. Pengine ziko kwa ukoo, hiyo tunayoiita mbai, na huamka hasa mtu anapokufa. Wazee wanaonisikiliza watakumbuka kesi iliyosikika Kenya nzima, ya mwili wa wakili S. M. Otieno. Alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe Wambui, ambaye alifunga naye ndoa mwaka 1963, alitaka amzike kwenye shamba lao huko Upper Matasia karibu na Ngong. Ndugu yake Joash Ochieng Ougo na ukoo wa Umira Kager wakasema Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Kwa miezi mitano mwili ulikuwa chumba cha maiti, na kila upande ukaleta mashahidi walioapa kwamba marehemu aliwaambia kwa kinywa chake anataka kulala wapi. Mahakama ya Rufani iliamua tarehe 15 Mei 1987 kwamba ukoo ndio wenye haki. Akazikwa Nyalgunga tarehe 23 ya mwezi ule. Mjane wake hakuhudhuria.

Sitaki kuwahukumu watu wale. Mjane alimpenda mumewe, na sina sababu ya kusema kwamba nduguye hakumpenda nduguye. Ninachokiona ni hiki: pande mbili zilizompenda mtu mmoja zilifika mahali ambapo swali lililobaki ni nani mwenye amri. Huku kwetu nimeona kesi ndogo za namna hiyo, zisizofika magazetini. Nimesimama kando ya kaburi lililokwisha kuchimbwa nikiwangoja wazee waliokaa chini ya mti wakibishana, mjane amefunikwa leso, naye hajaulizwa kitu tangu asubuhi. Basi wewe mzee uliye hai, waite mkeo na ndugu zako siku moja, wakae pamoja, useme mbele yao wote mambo ya kaburi na ya shamba. Usimwambie kila mmoja peke yake lile analopenda kusikia. Na liandikwe.

Sheria nayo imebadilika, wala tusiidharau. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 45, yasema waliooana wana haki sawa wakati wa ndoa na hata ndoa ikivunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yakataza nyumba ya mume na mke kuwekwa rehani bila wote wawili kukubali kwa maandishi. Na tangu 2015 iko sheria ya kuwalinda watu dhidi ya jeuri ya nyumbani. Nayasema haya kwenye redio kwa sababu yuko dada anayenisikiliza ambaye anapigwa, na kila akija kwetu makasisi tunamfungulia sura ya utii. Dada, sikutumi ukavumilie fimbo. Mikali alifungua dirisha, Daudi akatoka, na Mungu hakumkemea hata mmoja. Nenda kwa chifu, nenda polisi, nenda kwa mtu wa kanisa utakayeona anakusikiliza.

Katika nyumba ileile ya Sauli alikuwamo mtu mwingine, naye ndiye nitakayemaliza naye. Yonathani alikuwa mwana wa mfalme. Kiti kile kilikuwa chake. Alipompenda Daudi, mchunga kondoo, tendo lake la kwanza ni kuvua. Alivua joho lake akampa, na mavazi yake, na upanga, na upinde, na mshipi. Hebu mwone amesimama pale mbele ya kijana wa Bethlehemu, mtoto wa mfalme asiye na silaha. Sauli alimpa Daudi vitu pia, lakini alivyotoa Sauli vilikuwa na kamba. Yonathani alivyotoa vilimpa Daudi uwezo wa kumdhuru yeye Yonathani.

Tena hakumwacha baba yake. Alimwambia usoni kwamba anakosea, hata akatupiwa mkuki akiwa mezani, na bado akafa pamoja naye mlimani Gilboa. Vijana huniuliza, nimtii baba au nifuate haki? Yonathani alibaki mwana, na hakukubali kuwa mkono wa baba yake katika kumwua asiye na kosa. Sisemi ni rahisi. Mkuki ule ulikuwa mkuki wa kweli.

Naona saa inanifukuza, na najua mwataka kujua habari za mama yetu wa tangi.

Krismasi ilipofika mwanawe alikuja, nami nikaenda kwao alasiri moja. Tulikaa chini ya mwarubaini, tukanywa chai, tukasema habari za ndengu na mvua. Kisha nikaanza maneno yangu, niliyokuwa nimeyatayarisha vizuri kama mahubiri. Sikufika mbali. Kijana akaweka kikombe chini akaniuliza, “Pasta, nikiacha mimi, wewe ndiye utakayemlisha?”

Msikilizaji, nilikosa jibu. Mshahara wangu naujua. Nikatazama kikombe changu.

Ni mama aliyejibu. Huyu mwanawe alizaliwa mwanzoni mwa mwaka 1984, mwaka wa njaa ile kubwa ambayo Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, ndiyo kusema, nakufa nimeshika. Watu walikuwa na fedha mkononi, madukani hakuna cha kununua. Mama akasema polepole, kwa Kikamba, akitazama mchanga, “Mwaka ule nilikulisha. Sikula mimi ili maziwa yasikauke. Na swali hilo sikukuuliza.”

Hakuongeza kitu. Kuku walikuwa wakipekua karibu na miguu yetu. Kijana aliondoka akaenda kusimama upande wa tangi, akaligongagonga kwa kidole kama mtu anayepima maji yaliyomo, akakaa huko muda mrefu. Mimi niliaga nikaenda zangu, nikidhani nimeharibu.

Tarehe mbili Januari, kabla hajarudi kazini, alimpeleka mama barabarani akamsimamishia matatu ya Tseikuru, na mbuzi mmoja akafungwa juu ya gari, mbuzi ambaye mama alimchagua mwenyewe. Dada yake alikuwa bado hai. Hakuweza kusema, lakini alimshika mkono, na mama alikaa naye siku nane. Hati ya shamba ingali Nairobi. Tunaendelea kuliongea jambo hilo, na safari hii mama ndiye anayeongea.

Na tuombe.

Ee Bwana, uliyewajua Mikali na Paltieli kwa majina yao, mwangalie mama huyu na mwanawe, maana wote wawili ni wako. Mwangalie mtu anayesikiliza redio hii kwa sauti ya chini ili mwenye nyumba asijue anasikiliza nini. Na kama mwenye nyumba ni mimi, nifungulie daftari. Amina.